Liwali na Akida katika Historia ya Warumi

Wafasiri wa Biblia ya Umoja (1952) walimwita Pontio Pilato "liwali", na afisa wa askari wa Kirumi "akida". Mwalimu wa historia huko Mkoani, Pemba, anayeziazima istilahi hizi kwa somo lake hana budi kuzipima mbali mbali, kwani hazilingani.

"Liwali" twaliunga mkono. Pwani yetu ilimjua vyema enzi za Masultani wa Unguja: mtu aliyewekwa na mfalme aliye mbali, atawale na kuhukumu kwa niaba yake. Ndivyo alivyokuwa Pilato huko Uyahudi, mwaka 26 hadi 36, chini ya Kaisari Tiberio.

Taabu iko kwa "akida". Asili yake ni kiongozi wa askari, lakini Bara, chini ya Wajerumani, akida alitawala vijiji na kutoza kodi. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma Vita vya Maji Maji (1905–1907) atamwona huyo huyo akipiga kambi na majeshi ya Roma! "Mkuu wa mia" nalo halituridhishi. Jina la Kilatini limetokana kweli na mia, ila enzi za makaisari kikosi chake kilikuwa na watu wapatao 80. Twapendekeza vitabu vya historia viandike "kenturio". Akida abaki katika Biblia, alikozoeleka.