Tabibu na Ndege wa Usiku

Tamthilia ya televisheni ya Brilliant Minds, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2024, imejengwa juu ya maandishi ya Oliver Sacks, tabibu wa maradhi ya ubongo aliyefariki mwaka 2015. Shujaa wake, Dakta Wolf, kama Sacks mwenyewe, hawezi kuzitambua nyuso za watu. Mwanzoni humtorosha hospitali, kwa pikipiki, mzee aliyepotewa na kumbukumbu, akampeleka harusini kwa mjukuu wake. Mzee agusapo piano, fahamu humrudia.

Watazamaji wamegawanyika. Wako walioona hayo ni kuvunja miko ya kazi, na wako waliotokwa na machozi.

Sisi tuipime kwa mizani ya Kwedizinga. Kule Handeni na Korogwe, mtoto akikakamaa kwa homa, mama husema ni degedege, neno lenye ndege ndani yake. Tabibu huona malaria iliyopanda kichwani. Akilidharau neno la mama, huenda mama akampeleka mtoto kwingine, na saa zikipotea hupotea roho.

Hapo tamthilia imesema kweli: maradhi huanza kwa masimulizi ya mgonjwa. Ila imekosea kuufanya usikivu kuwa karama ya mtu mmoja wa ajabu, mwenye nafasi ya kukaa na mgonjwa mmoja. Muuguzi wa zahanati ana foleni mlangoni. Kwake yeye usikivu ni adabu ya kazi, nao hufundishika, kama mizani ya shairi.