Sentensi Moja kwa Hati Nyingi: Upungufu wa Matini ya Pamoja

Miongoni mwa sifa zinazotajwa sana za vihariri vya nyaraka vinavyotumia lugha ya alama ya XML ni ile ya matini ya pamoja. Sentensi huandikwa mara moja, huhifadhiwa mahali pamoja, kisha huitwa katika kila hati inayoihitaji. Ikisahihishwa pale ilipohifadhiwa, hati zote husahihika. XML ilipitishwa na shirika la W3C mwaka 1998, na kanuni za DITA, zinazotumika sana katika uandishi wa vitabu vya maelekezo, zilipitishwa na shirika la OASIS mwaka 2005. Faida za mtindo huu hazina ubishi. Makala haya yanakusudia kuonyesha mahali unapogongana na sarufi ya Kiswahili.

Tuseme karani katika chuo cha ualimu cha Mpuguso, wilayani Rungwe, anatayarisha maelekezo kwa wanachuo. Anahifadhi sentensi yenye pengo la kutiwa jina: "... kikipotea, mwanachuo atoe taarifa ndipo apewe kingine." Jina likiwa kitambulisho au cheti, sentensi ni safi. Likiwa kadi, yatakiwa "ikipotea" na "nyingine". Likiwa daftari, "likipotea" na "jingine". Likiwa ufunguo, "ukipotea" na "mwingine". Kihariri hubadili jina tu. Viambishi vya upatanisho hubaki kama vilivyoandikwa. Kifaransa na Kijerumani, zenye jinsia za nomino, nazo hupata taabu ya namna hii, lakini katika Kiswahili upatanisho huenea kutoka kwenye nomino hadi kwenye kivumishi, kiwakilishi na kitenzi.

Yaweza kujibiwa kwamba kihariri kielekezwe kuchagua sentensi kwa kufuata ngeli. Hilo lawezekana. Lakini hapo sentensi itakuwa imeandikwa mara nne au tano, na ule upamoja uliokusudiwa utakuwa umetoweka.

Upungufu wa pili ni wa maneno yanayoelekeza. Kipande chenye "hapo juu" au "fomu hii", kikihamishiwa hati nyingine, huelekeza kwenye kitu kisichokuwapo.

Wa tatu wahusu istilahi zenyewe. Ofisi ikibadili "tarakilishi" kuwa "kompyuta" haitapata madhara, kwani maneno yote mawili yamo katika ngeli ya I-ZI. Ikibadili "kipanya" kuwa "puku", au "barua pepe" kuwa "waraka pepe", hati zote zitajaa "puku kimeunganishwa" na "waraka pepe imetumwa" kwa mara moja. Zamani kosa la mpiga chapa lilikaa katika waraka mmoja. Sasa kosa moja lasambaa katika nyaraka mia.

Lililo hatari zaidi ni dawa inayotumiwa kuficha kosa. Mwandishi huanza kuandika "kitu hicho" kila mahali, au kulazimisha kila nomino iingie ngeli ya I-ZI ili mashine isisumbuke. Mwanachuo wa Mpuguso atakayesoma "cheti imepotea" katika waraka rasmi ndiye atakayefundisha upatanisho katika shule za msingi. Huenda akalitambua kosa upesi, hasa ikiwa lugha yake ya kwanza ni Kinyakyusa, ambacho nacho kina ngeli. Lakini waraka wenye mhuri una nguvu kuliko sikio la msomaji.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kinachoshirikiwa kiwe sentensi kamili au aya inayojitegemea, wala si neno la kujazia pengo. Pili, kila istilahi katika orodha iandikwe pamoja na ngeli yake, kwani orodha inayotoa neno peke yake haimtoshi mtumiaji. Tatu, istilahi isibadilishwe ndani ya matini ya pamoja kabla ya mtu anayeijua lugha kuzisoma sentensi zote zinazoihusu. Mashine na ifuate sarufi. Sarufi isikatwe ili ienee katika mashine.