Mawe Yanayobebana

Singida mawe hayatafutwi. Yametapakaa mashambani, yamezizunguka kingo za maziwa ya Singidani na Kindai. Ndiyo maana kila ninapomtazama mwashi wa daraja la tao la mawe, mawazo yangu hukimbilia vijiji vya Mgori, huko huko Singida, ambako mvua zikishuka makorongo hujaa na mwenye baiskeli hubaki ng'ambo.

TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017, umejenga madaraja ya aina hii. Kigoma uliyajenga ukishirikiana na Enabel, shirika la maendeleo la Ubelgiji. Tao lenyewe halihitaji nondo hata moja.

Kazi huanza chini. Kingo zote mbili huchimbwa hadi kwenye mwamba au udongo mgumu, kwa kuwa tao halikandamizi chini tu, husukuma na pembeni. Msingi ukisogea, tao hufunguka. Kisha seremala husimamisha kiunzi cha mirunda na mbao chenye umbo la tao, na chini ya kila mrunda hupiga kabari mbili zinazokabiliana.

Sasa zamu ya mwashi. Huokota jiwe, huligonga kwa nyundo, husikiliza. Likilia kwa sauti kali, ni zima. Likitoa sauti iliyofifia, lina ufa ndani. Huliweka kando, hata liwe zuri namna gani kwa nje. Lililofaulu hulichonga kwa tindo, kibanzi baada ya kibanzi, mpaka nyuso zake mbili zitulie. Hulilowesha, lisije likanyonya maji ya udongo wa saruji. Halafu hulisimamisha likielekea kitovu cha duara, na hulipima kwa uzi uliofungwa kwenye msumari hapo kitovuni. Lisipokubaliana na uzi, hulitoa, hukwangua udongo kwa mwiko, huanza upya. Nimemwona fundi akiligeuza jiwe moja kila upande, akalirudisha lundoni na kuchukua jingine, uso wake haukubadilika.

Pande mbili hupanda sambamba, maana mmoja ukitangulia kiunzi huegemea. Kileleni hubaki mwanya mwembamba wa jiwe la kufungia. Hilo huchongwa, hujaribiwa, hutolewa, huchongwa tena, hadi likaze.

Magunia yaliyolowa hulifunika tao wakati saruji inakomaa. Baada ya wiki kadhaa, kabari hulegezwa kidogo kidogo. Tao hushuka kiasi ambacho jicho halioni, mawe hubanana, na mirunda iliyobeba mzigo wote huo hubaki haibebi kitu. Kwangu hapo ndipo ufundi ulipo. Kuta za pembeni, kifusi na moramu hufuata, na daraja hubaki na upana unaotosha baiskeli mbili zenye magunia ya alizeti kupishana.

Vijiji vya Mgori vimeutunza msitu wao wa miombo tangu miaka ya 1990. Subira si ngeni kwao. Halmashauri na TARURA wawapelekee waashi wa tao, na vijana wa hapo wawekwe kando yao, wakiwa na tindo mkononi.