Jina la Kalamu: Woga au Busara ya Mtunzi?

Kila muhula tunaposahihisha kazi za uhakiki wa fasihi tunakutana na hukumu ileile: mwandishi anayetumia jina la kalamu ni mwoga anayekimbia wajibu wake. Kwa mtazamo wetu, hukumu hii hutolewa haraka mno. Jina la kalamu halielezi hofu ya mtunzi tu. Linaeleza zaidi ni nani anayetarajiwa kumsoma.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Katika ushairi wa Kiswahili, lakabu mara nyingi haimfichi mtu. Ahmad Nassir Juma Bhalo anafahamika kama Malenga wa Mvita, na diwani yake ya mwaka 1971 inaitwa hivyo hivyo. Hiyo ni lakabu ya sifa, inamtambulisha mtunzi na mji wake. Jina la kalamu tunalolijadili hapa ni lile linaloweka pazia kati ya mtunzi na msomaji.

Tuwatazame wanawake wa karne moja. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa wasia, na mwishoni akajitambulisha kwa nasaba yake na kwa Pate alikozaliwa. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, huko Uingereza, Charlotte, Emily na Anne Brontë walichapisha diwani kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell. Herufi za mwanzo walizibakiza, lakini majina hayo hayakuonyesha wazi kama wenyewe ni wanaume au wanawake. Mwaka 1850 Charlotte alieleza sababu: waliona kwamba waandishi wanawake hawahukumiwi kwa haki. Alikuwa na ushahidi wake, kwani mwaka 1837 mshairi Robert Southey alikuwa amemwandikia kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke.

Je, Mwana Kupona alikuwa jasiri kuliko Charlotte? Hatudhani. Mwana Kupona alimwandikia mwanawe, na jina la mama ndilo lililoupa wasia uzito. Akina Brontë waliwaandikia wahakiki wasiowajua, ambao wangelisoma jina la mwanamke kabla ya kuisoma kazi yenyewe. Hata hivyo, pazia lina gharama yake. Uvumi ulipoenea kwamba akina Bell wote ni mtu mmoja, ilibidi Charlotte na Anne wafunge safari hadi London, Julai 1848, kumthibitishia mchapishaji kwamba wao ni waandishi tofauti.

Barani Afrika tunaye Alexandre Biyidi wa Kameruni. Riwaya yake ya Ville cruelle (1954) aliitia saini Eza Boto. Mwaka 1956, nchi yake ikiwa bado chini ya Ufaransa, alitoa Le Pauvre Christ de Bomba, riwaya inayowakejeli wamisionari, kwa jina la Mongo Beti, yaani mwana wa Wabeti. Ikiwa lengo lilikuwa kujificha tu, jina hilo halikumfaa kitu: Serikali ya Ufaransa ilikipiga marufuku kitabu chake cha Main basse sur le Cameroun mwaka 1972. Pamoja na hayo, aliendelea kulitumia hadi alipofariki mwaka 2001. Tunaona kwamba lilikuwa limekwisha kuwa bendera, likimweleza msomaji mwandishi anasimama upande wa nani.

Hatusemi kwamba kila jina la kalamu linastahili kutetewa. Anayejifunika ili amkashifu mwenzake bila kujibu, huyo tumwite mwoga. Mhakiki basi ajiulize: jina hili linamkinga nani, dhidi ya nani, na je, kazi yenyewe ingesomwa kwa haki bila jina hilo?

Swali hili linatuhusu sisi wenyewe. Wapo wanafunzi, hasa wa kike, wanaotuletea mashairi kuhusu ndoa na mila za kwao wakiomba tuyachapishe kwa majina mengine. Baadhi ya wenzetu wanapinga. Sisi tunashauri yapokelewe, ilimradi mhariri alijue jina halisi na mtunzi awe tayari kuitetea kazi yake mbele ya mhariri huyo. Tukiwakatalia, tutabaki na majina halisi kurasani, lakini mashairi hayo hatutayapata.