Maduara Matano ya Dodoma

Liandike jina la Dodoma kwa herufi ndogo za chapa ya Futura, katika umbo lake lembamba, nawe utaona ajabu: kati ya herufi sita, tano ni maduara. Ni d mbili, o mbili na a ya mwisho. M peke yake ndiyo iliyobaki nje. Ni nadra jina la mji kuafikiana hivyo na chapa.

Futura ilisanifiwa na Mjerumani Paul Renner, ikatolewa mwaka 1927. Maumbo yake ni kama ya bikari na rula, na jina lake kwa Kilatini ni mambo yajayo. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini bamba lililoandikwa kwa herufi hizo. Si ajabu basi kwamba jamii hii ya herufi huvutia kila panapotakiwa sura ya usasa. Na Dodoma, iliyoteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ni mji uliolelewa kwa ahadi ya kesho.

Lakini uzuri wa jina moja ukutani si uzuri wa ubeti kitabuni. Katika chapa hii, a ni o iliyoegemezwa kijiti. Kijiti kikikonda, tofauti yake nayo hufifia. Kwa lugha ambayo karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, hilo si jambo dogo. Na kwa ushairi wetu ni kubwa zaidi, kwani kina husimama juu ya irabu hiyo. Msomaji anayesita kati ya -ma na -mo hujikwaa pale pale mtunzi alipotaka atue.

Kuna na ritifaa. Kata ya Ng'hong'honha, jijini humo, inazo mbili. Ritifaa si pambo: ndiyo inayotenga ng'oa, amri ya kutoa jino au mti, na ngoa, moto wa wivu na matamanio. Katika herufi nyembamba hubaki unywele tu, na kwenye kibao cha barabarani jua kali na vumbi la Ugogo humalizia kazi. Jina la wenyeji likivuliwa ritifaa, mgeni hulisoma jina jingine.

Mathias Mnyampala (1917–1969), mwana wa Ugogo, alitunga kwa arudhi ya pwani na akaikuza ngonjera, utungo wa kujibizana mbele ya hadhira. Mwenye kusimama na karatasi mkononi, zamu yake imefika, hahitaji herufi za kustaajabia. Ahitaji herufi zilizoshiba wino.

Kwa hiyo tuipe Futura nyembamba haki yake: jalada, lango, jina la mji. Beti tuzichape kwa herufi ambayo a yake haiwezi kudhaniwa o. Kesho isiyosomeka haijatufikia bado.