Sarafu Isiyonunua Kitu

Watu waonyeshwapo pambo la dhahabu, wengi huuliza bei yake. Hilo ni swali la sokoni. Mhakiki huuliza jingine: kila kipande kimewekwa mahali pake kwa sababu gani? Na tuulize swali hilo juu ya mkufu mmoja wa zama za Warumi.

Mkufu huo ulifukuliwa mwaka 1992 huko Hoxne, jimbo la Suffolk, Uingereza, na mtu aliyekwenda shambani kutafuta nyundo iliyopotea. Ulikuwa umezikwa pamoja na sarafu karibu 15,000, na sasa umewekwa katika British Museum, London. Una minyororo minne: miwili hupita juu ya mabega na miwili chini ya makwapa, ikakutana kifuani na mgongoni. Ni mdogo sana. Yaelekea aliyeuvaa alikuwa msichana, au mwanamke mwembamba.

Kifuani pana vito: amethisto ya zambarau katikati, garneti nne nyekundu, na matundu manne matupu. Matundu hayo yadhaniwa kuwa yalishika lulu, ambazo zimekwisha kuoza. Mgongoni pana sarafu ya dhahabu ya Kaisari Gratian, aliyetawala tangu 367 hata 383, imetiwa katika fremu.

Wako watakaosema kwamba sonara alikosea kumweka mfalme mgongoni. Mimi naona alipatia. Vito husema kwa rangi. Sarafu husema kwa sura na maandishi. Lau vingalichanganywa, jicho lingalivutwa huku na huku lisitulie. Kwa kuvitenga, sonara amekipa kila kimoja heshima yake.

Tena, yatazameni yaliyozikwa pamoja nao. Mlikuwa na mamia ya sarafu za dhahabu ambazo zilikuwa fedha tu. Hii moja ilivishwa fremu, na toka siku hiyo haikuweza kununua hata mkate. Zipo dalili kwamba kabla ya hapo ilikuwa kidani, basi huenda ilirithiwa. Hazina yenyewe haikuzikwa kabla ya mwaka 407, na wakati huo Gratian alikuwa amekufa zaidi ya miaka 20. Dhahabu yake ni sawa na ya wenzake. Kilichoitofautisha ni kazi ya mkono na mapenzi ya mwenyewe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini lulu zimeoza, na aliyezika hakurudi kuchukua mali yake. Hata hivyo mkufu wangali watueleza kwamba palikuwa na mtu aliyependwa, akapimiwa pambo la kumtosha mwili wake. Neno hilo halisomeki katika mizani. Basi, msomaji, siku utakapoonyeshwa pambo la kale, acha bei ingoje. Tazama kwanza lilitengenezwa kwa ajili ya nani.