Kuta za Kilwa Katika Kioo

Nimezitazama kuta za Kilwa Kisiwani katika kioo cha kompyuta, zimevuliwa rangi, kuvu na majani, limebaki umbo tupu na kivuli chake. Na lipu ambayo macho huidhania kuwa bapa, ikimulikwa kwa upande katika picha hizo, hutoa mawimbi madogo madogo palipopita mkono wa mwashi akiisawazisha.

Waliozipima ni mafundi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliokuwa chini ya Profesa Heinz Rüther, ambao pia waliyapima makanisa ya Lalibela na msikiti wa Djenné. Chombo chao husimikwa juu ya miguu mitatu, kikazunguka taratibu kikirusha mwali wa leza. Mwali hugonga jiwe na kurejea, na kila urejeo ni nukta moja yenye mahali pake hasa, hata zikajumuika nukta kwa mamilioni. Na kwa kuwa mwali hauoni nyuma ya nguzo, chombo sharti kihamishwe huku na huku jengo zima, kisha nukta za kila kituo ziunganishwe na za jirani yake. Ni kazi ya subira, wala siidharau. Walakini ufundi ninaoutukuza hapa ni ule uliopimwa.

Mwashi wa kale alikata matumbawe baharini yangali mabichi na laini, akayachonga nakshi za kibla kabla hayajakauka yakawa magumu. Chokaa aliipata kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo la magogo, akaizima kwa maji, akaiacha hata ikalainika barabara. Upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba, angawa tajiri wa kupindukia. Uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo haivuki mita tatu bila kuinama, na ndiyo sababu vyumba vya waungwana wetu vilikuwa virefu na vyembamba. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kasri la Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane hunasibishwa naye. Wareno wakaingia 1505. Mengineyo na yabaki kwa wanahistoria.

UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikayatoa 2014. Bali bahari haina habari ya orodha, nayo ingali ikila ufuko.

Mwali husoma uso wa ukuta, hausomi tumbo lake. Hivi leo mtu wa pwani akiona ufa katika nyumba ya babu yake huagiza mfuko wa saruji, maana ni wepesi kupatikana. Nayo saruji, isiyopitisha pumzi kama chokaa, huufungia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe, ukuta ukaoza chini ya kiraka kinachong'ara. Twawafunza vijana kuendesha chombo cha leza, na ni vyema, ilhali mchoma chokaa huzeeka bila mwanafunzi. Nukta zile zitamwonyesha fundi wa kesho mahali hasa lilipokaa jiwe lililoanguka. Chokaa ya kulirudishia itambidi afunzwe na mtu, na watu hao twawaacha waondoke pasina hata kuwauliza ni kuni za mti gani walizochomea.